Kigae Chekundu na Kikapu cha Mama Mkwe

Ndugu zangu wa barazani Morogoro, nawasalimu nyote. Na wewe Mzee Shomari, uliyeniuliza mbele za watu kama ni kweli nilitoroka na mama mkwe wangu, nakusalimu peke yako. Kila nikianza kusimulia mnacheka kabla sijavuka hata mto wa kwanza, na mtu akichekwa husahau alikofika. Kwa hiyo nimeandika. Anayetaka kucheka acheke, lakini afike mwisho, maana kuna jambo moja ambalo barazani sikuweza kulisema.

Sababu ya kutoka

Mnajua kwamba nilipomwoa Zaina nilihamia kwao, kama desturi ya Waluguru ilivyo, nyuma ya milima kabisa, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaiona chini yako nchi tambarare ya Kisaki. Mama yake Zaina ni mfinyanzi. Kule ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na shimo lao la udongo liko bondeni, kando ya kijito, wala mwanamume hakaribii. Nimekaa miaka sita na sijalitia machoni. Ninachojua ni kwamba wanawake wote wa ukoo wa mke wangu wanaishi kwa shimo lile. Vyungu mnavyopikia maharage hapo mjini, vingi vimetoka humo.

Mwaka huu wakaja wapima ardhi. Mzungu mmoja alikuwa ameliomba bonde apande miti ya mpira. Wakapigilia vigingi vyao, na kimoja kikaangukia jirani kabisa na shimo. Walipochimba mahali pa kukisimamisha wakaokota kigae cha bakuli, chekundu, kinang'aa. Kigae kikapelekwa Darisalama kwa mzee mmoja wa Kijerumani, mtu wa serikali, ambaye watu humwita Bwana Vigae kwa kuwa hukusanya vyombo vilivyovunjika na kuvifungia kabatini, na vizima ndivyo anavyovitumia ovyo.

Haukupita muda mrefu ikaja barua yake, nami ndiye niliyewasomea. Alisema anaamini kigae kile ni cha Warumi, watu wa kale na kale, waliofanya mabakuli mekundu mazuri ya mezani na kuyapeleka kwa meli nchi zote. Kama ni hivyo, bonde halitapewa mtu. Litawekwa kando ili wataalamu waje walichunguze, na wanawake wataendelea kuchota udongo wao. Lakini kabla ya kuandika Ulaya alitaka mfinyanzi mkubwa wa mahali pale aje akishike kigae kwa mkono wake, aseme ni chao au si chao. Kikiwa chao, hana la kufanya, bonde litakwenda. Kisipokuwa chao, bonde litabaki. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili wanawake walikuwa kimya.

Mfinyanzi mkubwa ni mama mkwe wangu, hakuna mwingine. Lakini nani ampeleke? Mjomba, mkuu wa ukoo, ana mguu mbovu. Zaina alikuwa na mimba ya miezi minane. Mjomba akanitazama.

"Wewe unakijua Kiswahili cha Wazungu, na barua unazisoma. Utampeleka mama yako."

"Mjomba, mimi ni mkwe!"

"Ndiyo. Kwani mkwe hana miguu?"

Enyi watu wa mjini, ukwe mmeufanya rahisi sana. Kule mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula anapokula yeye. Hampi kitu mkononi, anakiweka chini na kurudi nyuma. Wala hasemi naye moja kwa moja. Akiwapo mtu wa tatu, maneno hupitia kwake. Asipokuwapo, maneno huambiwa kitu chochote kilichopo, mti, jembe, hata mbuzi. Nilikuwa nimeoa miaka sita, na uso wa mama mkwe nilikuwa sijauona, ila ukosi wa shingo yake naujua vizuri.

"Mtasema na kikapu," Mjomba akaamua, na shauri likaisha.

Asubuhi ya kuondoka nilimsikia mama mkwe akimnong'oneza Zaina jambo refu. Tulipoteremka njia tukapishana na wanawake wa ukoo, wengi, kila mmoja na tenga na jembe. Nikadhani wanakwenda kulima.

Mlimani

Mimi nilitangulia, yeye akafuata kwa mbali, kikapu kichwani. Humo alikuwa na nguo zake, gunzi la mhindi la kusawazishia vyungu, kokoto yake ya kung'arishia, na bonge la udongo alilolifunga kwa jani la mgomba. Akitaka kusema, hukitua kikapu juu ya jiwe.

"Kikapu, mwambie huyo mtu mbona anakwenda kama anafukuzwa? Mimi nina magoti ya kizee."

"Kikapu, mwambie mama nimesikia. Nitapunguza."

"Kikapu, mwambie apunguze, lakini asipunguze tukalala na nyani."

Siku ya pili ikanyesha mvua ya Uluguru, ile isiyokuwa na haraka ya kwenda popote. Mto uliokuwa mbele yetu ukajaa, tukakwama kwa mama mmoja Mkristo, mkulima wa maharage na kabichi wa karibu na misheni, jina lake Mama Tereza. Mwema kupita kiasi. Alitupokea, akatukoka moto, akatuletea sahani moja kubwa ya ugali wa moto na maharage yaliyoungwa kwa karanga, akasema, "Kuleni, mtu na mama yake," akatoka kwenda kufunga mbuzi.

Nikajua mama mkwe hatakula nikiwapo. Nikatoka, nikasimama chini ya michirizi ya paa, nikimpa nafasi. Kumbe naye amejua sitakula akiwapo, ametokea mlango wa nyuma, amesimama chini ya michirizi ya upande wake. Tukasimama hivyo, kila mmoja analowa kwa adabu, njaa inatukata, mimi naisikia harufu ya karanga na kujiambia vumilia, mzee ale ashibe. Niliporudi nikakuta kuku saba wanamalizia.

Mama Tereza aliingia, akaona sahani, akaona kuku, akashika kiuno. "Chakula changu kimewafanya nini?"

Ikabidi nieleze. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akasonga ugali mwingine, akaweka sahani mbili, akaning'inizia kanga katikati ya chumba. Nyuma ya kanga nikamsikia mama mkwe, "Kikapu, mwambie mwenye nyumba Mungu amzidishie." Nami nilikuwa nimejaza mdomo, sikuweza kusema amina.

Tulikaa pale siku moja na nusu. Wakati wote ule nilikuwa nahesabu mambo mawili tu kichwani, shimo libaki au shimo liende. Nilimwona Zaina na tumbo lake. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mtoto wa kike angepaswa kufunzwa udongo. Udongo upi?

Gari la moshi

Morogoro hatukukaa, ndiyo maana hamkutuona. Tuliingia garini asubuhi. Mama mkwe hakuwa ameliona gari la moshi maisha yake. Liliposhtuka kuondoka alikikumbatia kikapu, akatulia.

Viti vilikuwa vya kutazamana. Nikageuka, nikakaa nimempa mgongo, magoti yangu yamebanwa na ubao. Mbele yangu alikuwa mzee wa Kinyamwezi anayetafuna tumbaku. Alinitazama, akamtazama mama mkwe, akanitazama tena.

"Kijana, umemkosea nini mama yako?"

"Shikamoo, baba. Si mama yangu, ni mkwe wangu."

"Marahaba. Lo! Na serikali yote hii, na chuma chote hiki, haikukumbuka kutengeneza gari la wakwe?"

Behewa zima likaangua kicheko. Lakini nasema kweli, mzee yule alitufaa. Alijitolea kuwa kikapu. Gari lilipopita Kingolwira likaenda kidogo likasimama porini, tukaambiwa maji ya mtambo yamekwisha, tusubiri. Tukasubiri mpaka jua likapita utosini. Wanawake wa jirani wakaleta mahindi ya kuchoma na ndizi mbivu. Nikanunua, nikaweka kitini, nikageuka. Mzee akatangaza kwa sauti ya mpiga mbiu, "Mama, mkweo anasema karibu mahindi! Kijana, mama anasema ahsante, lakini wewe umechukua yaliyoiva!"

Mama mkwe alitoa lile bonge la udongo, akaanza kulikanda taratibu mapajani. Vidole vyake nilivisikia tu. Mzee wa Kinyamwezi akauliza anafanya nini.

"Asiposhika udongo siku moja mikono inamwasha," nikasema.

"Basi mwombe Mungu asikose," akasema, safari hii bila mzaha.

Nyumba ya Bwana Vigae

Darisalama mnaijua, sitawachosha. Nyumba ya bwana yule ilikuwa na sebule iliyojaa makabati ya vioo toka sakafuni hadi darini. Alikuwa mzee mrefu, macho yake yanatoka maji, Kiswahili chake kizuri kuliko cha makarani wengi. Alimwamkia mama mkwe kwa heshima, nami nikaona huyu ni mtu, si jitu.

Kabla ya kigae alitaka kwanza tuone bakuli zima la Warumi, ili mama ajue anaulizwa nini. Akalitoa kwenye kitambaa.

Ndugu zangu, sijui niwaambieje. Lilikuwa jekundu, wekundu mmoja ndani na nje, ukuta wake mwembamba kama kifuu, na linang'aa bila mafuta. Akasema alilichimba mwenyewe ujanani katika shamba la mizabibu huko kwao. Lilifinyangwa mbali na hapo, likafungashwa na mengine mengi, likapita mito na bahari ya Rumi kama bidhaa nyingine yoyote. Ndugu zake waliuzwa hadi Misri, na kutoka Misri meli zilishuka bahari ya Shamu hadi Bara Hindi, na huenda hadi pwani zetu hizi. Nikauliza ni la zamani kiasi gani. Akasema, mamia ya miaka kabla ya kuzaliwa Mtume wenu.

Wallahi mwili ulinisisimka. Mtu aliyelisuuza bakuli hili baada ya kula alikuwa amekufa, amezikwa, ameshasahauliwa, kabla Kurani haijashuka. Na bakuli ndilo hilo, halina hata ufa.

Bwana akageuza chini yake. Katikati palikuwa na mhuri mdogo, jina la fundi, limelika, zimebaki herufi tatu za mwisho. "Mwanzo wake hakuna aujuaye," akasema. Kisha akanipa. "Mpe mama."

Nikaliweka mezani, nikarudi nyuma, nikageukia ukuta.

"Unafanya nini huko ukutani?"

"Natafsiri, Bwana."

Lakini mbele yangu palikuwa na kabati, na kioo chake kilimwonyesha mama mkwe waziwazi. Mungu anisamehe, nilitazama. Aligonga ukingo kwa ukucha, bakuli likalia mlio mwembamba mrefu. Akasikiliza hadi mlio ukaisha. Kisha akaliinua akalilamba.

"Ebo! Analilamba!" Bwana akaruka.

"Ndivyo wanavyopima, Bwana. Udongo huonjwa."

Mama mkwe hakuwa na habari naye. Alilizungusha mikononi muda mrefu sana, kisha akasema kwa Kiluguru, "Kikapu, mwambie aliyefanya hiki hakuzunguka. Sisi chungu hukaa, tunakizunguka wenyewe kinyumenyume hadi kiuno kinauma, na mistari yetu hupanda na kushuka. Hii yote inakwenda upande mmoja, toka chini hadi juu, haikukatika. Huyu alikaa kitako. Chungu ndicho kilichozunguka."

Nilipotafsiri Bwana akatafuta kiti. "Nani amemwambia habari za gurudumu la wafinyanzi?"

"Hakuna mtu, Bwana. Magurudumu yenyewe ameyaona vizuri juzi, ya gari la moshi."

Mama mkwe akaendelea. Moto haukuruhusiwa kukigusa, akasema, maana hakuna doa la moshi hata moja. Walikichoma kwa joto lililofungiwa. Kisha akagusa upande wa chini, karibu na kitako, palipokuwa na madoa manne yasiyo na rangi, matatu huku na moja kule. "Alikishika hapa, akakipindua, akakichovya katika maji ya rangi. Rangi haikupita chini ya vidole. Ndivyo hivi vidole vyake."

Akaweka vidole vyake vitatu na gumba juu ya yale madoa. Vikaenea.

"Vimekaa," akasema polepole, na hakumwambia kikapu wala mtu. Machozi yalinitoka pale pale ukutani. Mtu wa bahari ya Rumi aliyekufa kabla ya Mtume, na mama yake Zaina wa Uluguru, wameshika chombo kimoja mahali pamoja. Bwana Vigae alisema kwa sauti ndogo kwamba amekuwa na bakuli lile tangu ujana, na madoa yale siku zote alidhani ni uchakavu.

Swali

Ndipo akatoa kigae. Kilikuwa kipana kama kiganja, chekundu vilevile, kinang'aa vilevile, kwangu mimi vilikuwa ndugu. Bwana alikwisha kuweka karatasi na kalamu.

"Sasa mama aseme. Ni chenu?"

Katika kioo nilimwona amekichukua. Hakukilamba, hakukigonga. Alikigeuza chini mara moja, akapitisha kidole. Kisha akasema, "Kikapu, mwambie hiki ni cha mama yangu. Kidole chake cha shahada kiliumwa na nyoka akiwa msichana, wakakikata ncha. Hapa ndipo alipokandamiza kitako, na hiki ni kile kigutu chake. Rangi ni ya mlimani kwetu, ameing'arisha kwa kokoto hii niliyo nayo mimi. Alikuwa akiitwa Chausiku."

Sasa hapa, ndugu zangu, ndipo penye lile nililokuwa silisemi.

Kiluguru Bwana hakijui. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo na sikio. Niliuona mguu wa Mjomba, nikaliona tumbo la Zaina, nikawaona wanawake wote wale kimya siku ya barua. Neno moja tu la uongo lingetosha, na mbele yangu kulikuwa na kioo tu. Nikasema, "Bwana, anasema si chao. Hajapata kuona kazi ya namna hii kwao."

Bwana Vigae aliinuka, akapiga viganja pamoja, uso wake wa kizee ukawa wa kijana. Akaketi, akachovya kalamu.

Nilidhani Kiswahili cha mama mkwe ni cha kuuzia vyungu tu. Nilisikia kiti kikisukumwa. Nikamwona katika kioo anainuka, anazunguka meza, anakuja. Sikuwa na pa kukimbilia, mbele kabati, nyuma yeye. Akapita kati yangu na kabati, akasimama mbele yangu, akanitazama machoni.

Ni mwanamke mwenye uso mdogo na kovu dogo juu ya nyusi. Hakuwa na hasira. Natamani angekuwa nayo. Sijapata kuona aibu kama niliyoiona siku ile, na yote ilikuwa yangu.

Kisha akamgeukia Bwana, akasema kwa Kiswahili, kwa kutafuta neno mojamoja, "Mkwe wangu amechoka na njia. Nitasema mwenyewe. Hiki cha mama yangu."

Akamwonyesha kigutu katika udongo, akakikunja kidole chake mwenyewe kando yake ili aelewe. Kalamu ya Bwana ikabaki hewani.

"Mama, unajua nikiandika hivyo bonde litakwenda?"

"Najua. Barua nilisomewa."

"Basi kwa nini?"

"Ukiandika ni cha mtu wa mbali, mama yangu hakuzaliwa." Akalielekeza bakuli la Warumi kwa kidevu. "Huyu jina lake limekatika. Watoto wake wako wapi waje waseme, huyu ni baba? Hawapo. Mama yangu mimi nipo."

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Bwana Vigae alikiangalia kigae muda mrefu, kisha akafuta macho yake yale ya maji, akasema kwamba ametafuta mafundi hawa maisha yake yote, na leo ameshindwa kumtofautisha mmoja wao na mwanamke wa Uluguru, na hajui acheke au alie. Akanisukumia karatasi. "Andika wewe jina la bibi huyo, nami nitaweka sahihi." Nikaandika Chausiku, mfinyanzi. Herufi zote zilitoka, za mwanzo na za mwisho.

Tulipoaga alimrudishia mama mkwe kigae chake. Kisha akafungua kisanduku cha vigae vya Warumi, akachagua kimoja, kidogo, chenye doa la kidole, akampa. Alimwekea mezani, akarudi nyuma hatua moja kama mkwe. Alikuwa ametutazama vizuri.

Kurudi

Garini sikuongea. Mahindi yalipoletwa nilinunua, nikaweka, nikageuka, lakini mimi sikula. Nilikuwa nafikiri namna Mjomba atakavyonitimua. Bonde limekwenda, na juu yake mkwe ni mwongo.

Baada ya Kingolwira nikasikia kikapu kinatuliwa.

"Kikapu, mwambie ale. Na mwambie kile kigae mimi nilikijua tangu nyumbani. Wapimaji walipita nacho, nikakiona mkononi mwao."

Nikasahau adabu, nusura nigeuke. "Kikapu, muulize mama, sasa Darisalama tulikwenda kufanya nini?"

"Kikapu, mwambie nilikwenda kumchukua mama."

Mlimani hakukunyesha. Kwa Mama Tereza tulikuta kanga bado inaning'inia.

Tulifika nyumbani mchana. Zaina alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, Alhamdulillahi. Vigingi vya shamba la mpira vilikuwa vimeongezwa, na kamba, nikaambiwa, imepita juu ya shimo. Nyuma ya nyumba ya mama mkwe nikaona handaki jipya, refu, limefunikwa majani ya mgomba. Zaina akafunua pembeni. Udongo, umejaa hadi ukingoni. Wale wanawake wenye matenga niliopishana nao hawakuwa wanakwenda kulima. Tangu siku ile walikuwa wakiupandisha kutoka bondeni, tenga kwa tenga, hadi wapimaji walipowafukuza.

"Ukiisha?" nikamuuliza.

"Ukiisha tutatafuta mwingine," akasema Zaina. Lakini aliurudishia jani kwa mikono miwili.

Mjomba akakusanya watu, akataka habari. Nikafungua kinywa nikiri uongo wangu. Kutoka nyuma ya ukuta ikaja sauti, "Kikapu, mwambie kaka yangu, mkwe wetu alichoka na njia, nikasema mwenyewe. Basi." Mjomba akauliza kama heshima ya ukwe ilivunjika. Ikajibiwa imevunjika, na kwa pande zote mbili. Ili kuirudisha nikatoa kuku mweupe, naye mama mkwe akatoa kuku mweupe, wakapikwa katika vyungu viwili. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mpaka leo mama mkwe hajamwambia mtu. Nimewaambia mimi, hapa, kwa mkono wangu.

Bado moja. Wafinyanzi wa kule huponda vigae vya zamani na kuuchanganya unga wake na udongo mpya, chombo kisipasuke motoni. Siku chache baadaye nilimwona kwa mbali ameketi kwenye jiwe la kusagia. Alivisaga vyote viwili pamoja, cha mama yake na cha yule Mrumi, akachekecha, akakanda. Kisha akainuka, akaanza kukizunguka chombo, kinyumenyume, mkono kiunoni.

Mtungi ulikauka siku zake, ukachomwa, ukatoka salama. Juzi asubuhi niliukuta kizingitini kwangu umejaa maji, kata juu yake. Yeye amesimama uani, amenipa mgongo, kikapu hana.

"Mtungi," akasema, "mwambie mwanangu anywe."

Nikanywa.